Kwa Kikorea, mume na mke ni "bubu"

Mama yangu hasomi Kiingereza. Ramadhani ya mwaka 2020, tamthilia tuliyokuwa tukiiangalia baada ya futari ilikuwa ya Kikorea na maandishi yaliyopita chini ya kioo yalikuwa ya Kiingereza, basi kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na televisheni, rimoti mkononi, nikawa Lufufu wa sebuleni, kama yule mtafsiri maarufu wa filamu: huyu anasema hivi, yule anamjibu vile, huyu hasemi kitu ila amekasirika. Mama alikuwa amekuja Dar kutoka Tanga mwezi Machi kwa ajili ya macho yake. Shule zikafungwa, watu wakaanza kuogopana kwenye mabasi, naye akasema hatasafiri mpaka hali ijulikane. Mamdogo, mdogo wake wa mwisho, anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, akawa anakuja kila usiku na bakuli la kaimati. Tukaiangalia watatu mpaka mwisho, na kuhusu mwisho huo hatujapatana hadi leo.

Tamthilia yenyewe ni The World of the Married. Kule Korea Kusini ilianza kurushwa na kituo cha JTBC tarehe 27 Machi 2020, Ijumaa na Jumamosi, sehemu 16. Sehemu ya mwisho, tarehe 16 Mei, ilitazamwa kwa kiwango cha asilimia 28.4 kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji. Hakuna tamthilia ya kebo nchini humo iliyokuwa imewahi kufika huko. Sisi tuliipata kwa kijana wa mtaani anayerusha muvi kwenye flashi, kila alipoletewa mpya. Kwa Kikorea inaitwa Bubu-ui Segye. Segye ni dunia. Bubu, niliangalia kwenye simu, ni mume na mke kwa pamoja. Nilipomwambia Mama hivyo alicheka mpaka akavua miwani. "Wamepatia," alisema. "Ndoa ni dunia ya mabubu."

Kwa ambaye hajaiona, nitasimulia kwa ufupi, na ambaye anataka kuiona kwanza aishie hapa, maana nitauharibu utamu wote. Ji Sun-woo, anayeigizwa na Kim Hee-ae, ni daktari mwenye cheo katika hospitali ya mji wa kubuni uitwao Gosan. Ana mume mtengeneza filamu, Lee Tae-oh, ambaye filamu zake haziingizi kitu na anayeishi kwa jasho la mke. Wana mtoto mmoja wa kiume, Joon-young. Siku moja Sun-woo anaona unywele kwenye skafu ya mumewe, na unywele huo si wake. Kufumba na kufumbua anagundua kwamba mume ana uhusiano na binti wa tajiri wa mji, Yeo Da-kyung, na kwamba marafiki wote wa nyumba yao walikuwa wakijua, wengine hata wakisafiri na hao wawili. Hapo ndipo Mamdogo alipopiga paja. Kufumania mume ni jambo moja, alisema. Kugundua kwamba shoga zako walikuwa wanakula naye pilau huyo mchepuko, hilo linaua.

Ndoa inavunjika katikati ya tamthilia na wala si mwishoni, na huo ndio ujanja wake. Tae-oh anamwoa Da-kyung, wanazaa, wanarudi mjini wakiwa na pesa. Halafu, baada ya chuki yote, Sun-woo na Tae-oh wanalala pamoja tena. Mama alisema, "Peleka mbele," kama alivyosema kila walipoanza kufunguana vifungo, maana ni Ramadhani, na mimi nikapeleka mbele. Da-kyung naye anakuja kugundua kwamba mumewe amekuwa akimvisha na kumnunulia vitu vilevile vya mke wa kwanza. Anaondoka. Tae-oh anabaki bila nyumba, bila kazi, bila mke yeyote kati ya wawili.

Na mwisho ni huu. Tae-oh anamchukua mtoto, Sun-woo anawafuata, wote watatu wanakaa mezani kama familia. Mume anaomba waanze upya. Mke anakataa. Mume anatoka nje, anajitupa mbele ya lori. Sun-woo anakimbia akidhani amekufa, anamkuta mzima barabarani, anamkumbatia na kulia. Mtoto anasimama pembeni, anawatazama wazazi wake walivyoshikana. Anatupa simu, anakimbia. Mwaka mzima unapita bila kuonekana. Ndipo nyumbani kwa Sun-woo panasikika mtu mlangoni, mama anageuka, na kwa uso wake tunaelewa kwamba mtoto amerudi. Imekwisha.

Mamdogo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Amkumbatie wa nini? Lori limemkosa, na yeye angemkosa!"

Sikumlaumu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tuna sheria yetu moja, steringi, yule shujaa wa filamu, hafi, na ya pili inayokwenda nayo, adui lazima auawe na steringi mwenyewe, si kwa bahati mbaya wala kwa lori. Filamu zetu za nyumbani zimeongeza ya tatu: mchepuko anarukwa na akili au anapata ukimwi, mume anarudi analia magotini, mke anaonekana ndani ya gari jipya. Mamdogo alikuwa anasubiri gari jipya. Alikuwa amekwisha kumchagulia Sun-woo mume wa pili, yule daktari wa magonjwa ya akili mpole mwenye kuvaa sweta, na alipoona Sun-woo hamtaki huyo wala mwingine, alichukua bakuli lake akaenda kwake bila kuaga. Kesho yake alirudi kama kawaida.

Nilikuja kuona baadaye kwamba hasira yake ilikuwa ya watu wengi. Kule Korea kwenyewe kuna walioona mwisho ule ni wa kweli kuliko tamthilia zote, kwamba katika vita ya namna hiyo hakuna anayetoka na ushindi. Kuna waliosema wamedhulumiwa: wiki nane za kusubiri kisasi, halafu kumbatio. Hasira nyingine ilimwendea Han So-hee, mwigizaji wa Da-kyung, ambaye watu walimfuata kwenye ukurasa wake mwenyewe wa mtandaoni kumtukana, kana kwamba yeye ndiye aliyechukua mume wa mtu. Maana Da-kyung hakurukwa na akili. Tunamwona akiwa amerudi kwenye masomo, kijana bado, maisha mbele yake. Shoga yangu mmoja tuliyesoma naye alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu jambo hilo peke yake. Yeye mumewe alichukuliwa na binti wa ofisini mwaka 2017, na anachotaka kuona ni kitu kimoja: huyo binti analia na hapati pa kwenda. "Wewe umeona wapi," aliniuliza, "mwizi anarudisha mali halafu anapewa ufadhili wa masomo?"

Mume wangu, ambaye hakuangalia hata sehemu moja nzima ila alikuwa anapita kwenda jikoni kila zilipoanza kelele, alikuwa na msimamo wake: daktari yule ndiye aliyeharibu. Angenyamaza, angebaki na nyumba yake. Mama alimwangalia kwa adabu yote ya mkwe na hakumjibu.

Kuna sentensi moja ya Tae-oh iliyokuwa kali kuliko zote, na ilinisumbua kama mtafsiri. Anafokea, amekamatwa, hana pa kukimbilia, anasema kwamba kuzama kwenye mapenzi si kosa. Kiingereza kiliandika neno linalomaanisha kosa la jinai. Mimi kwa haraka nikamwambia Mama: "Anasema kupenda si dhambi." Mama akasema, "Kwa Mungu gani?" Nikaona nimekosea, nikarekebisha: anasema si jinai, si kosa la kupelekwa polisi. "Aa," akasema Mama, "hapo sawa. Polisi watamfanya nini?" Baadaye nilisoma kwamba neno lenyewe la Kikorea linabeba yote mawili, dhambi na jinai, kwa hiyo nilikuwa sijakosea wala sijapatia.

Halafu kuna jambo ambalo Wakorea waliokuwa wakiangalia walilijua bila kuambiwa. Miaka mitano tu kabla ya sentensi hiyo, angepelekwa polisi kweli. Tangu mwaka 1953 sheria ya Korea Kusini ilifanya uzinzi wa mwenye ndoa kuwa jinai, kifungo hadi miaka 2, yeye na aliyezini naye. Mahakama ya Katiba iliitazama sheria hiyo mara 4 na kuiacha, na mara ya 5, tarehe 26 Februari 2015, majaji 7 dhidi ya 2 wakaifuta. Kwa hiyo Tae-oh anapofoka vile anasema ukweli mtupu wa kisheria, na ndiyo sababu sentensi ile iliwauma watu. Serikali imeondoka chumbani. Nani sasa atamwadhibu? Mwandishi wa tamthilia amebaki peke yake na fimbo, watazamaji wote wale wanamwangalia, naye mwishoni anaiweka chini. Nafikiri nusu ya ile hasira ilitoka hapo.

Mamdogo, nilipomsimulia hayo, hakushangaa hata kidogo. Alisema kwetu pia hakuna wa kumfunga mgoni, lakini fidia ya ugoni ipo. Ni kweli, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mume au mke kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzake. Mamdogo anaijua kwa sababu aliwahi kuulizia. Aliulizia, akapiga hesabu ya nauli na ya aibu, akaacha. Na Korea, baada ya jinai kufutwa, madai ya fidia kama hayo yamebaki. Nikamwambia, basi Sun-woo angeweza kumdai Da-kyung. "Na baba yake ni tajiri!" alisema Mamdogo, kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyeona basi likimwacha.

Haikuwa mara ya kwanza kwa watazamaji kumgombania mke aliyesalitiwa. Mwaka 1987 Marekani ilitoka filamu ya Fatal Attraction, mume wa mtu analala na mwanamke siku mbili mke akiwa safarini, mwanamke hakubali kuachwa. Mwisho wa kwanza uliopigwa, mwanamke yule, Alex, alijiua kwa kisu chenye alama za vidole vya mume, na mume akakamatwa. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Walitaka mke alipe kisasi. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, alipinga mwisho kubadilishwa, alikuwa amekwenda mpaka kwa madaktari wa akili ili amwelewe yule mwanamke, lakini alishindwa. Wakarudi kupiga upya: mke anampiga risasi Alex bafuni, polisi wanaondoka, mume na mke wanashikana, na kamera inamalizia kwenye picha ya familia, baba, mama na mtoto wanatabasamu. Filamu ikaingiza mamilioni kwa mamilioni. Mamdogo angekuwepo kwenye ukumbi ule wa majaribio, angepiga kura kwa mikono yote miwili.

Mimi ile picha ya familia inanitia baridi. Mtoto yuko kwenye fremu, anatabasamu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nimefika sasa kwenye kitu ambacho nimekuwa nikikizunguka. Naamini watu hawagombanii mwisho wa hadithi ya usaliti kwa sababu ya maadili, ingawa wote tunasema ni maadili. Kila mtu anaangalia kiti alichowahi kukalia. Mamdogo aliwahi kuwa mke, akamwangalia mke. Shoga yangu alimwangalia yule aliyemchukulia. Mume wangu, sijui alimwangalia nani, na sitauliza. Mimi kwenye ile nyumba nilikuwa mtoto. Kwangu tamthilia yote ya sehemu 16 inamhusu kijana mmoja wa shule aliyeanza kuiba vitu vya wenzake darasani na hakuna mtu mzima aliyeona, kwa sababu watu wazima walikuwa na kazi ya kukomoana.

Kuna sehemu ya 6. Sun-woo anataka mtoto abaki kwake. Anajua mumewe akichokozwa kiasi fulani atapandisha mkono, na anajua mtoto yuko njiani kurudi nyumbani. Anamchokoza. Maneno anayoyachagua ni ya daktari, anajua yatapenya wapi. Tae-oh anampiga, damu inatoka, mtoto anafungua mlango na kuona. Talaka inapatikana, mtoto anabaki kwa mama. Sebuleni kwangu Mamdogo alipiga kigelegele, kigelegele kabisa. Mama alisema taratibu, "Amefanya vizuri. Bila shahidi hawakuamini."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Baba alikuwa dereva wa basi, na kwa madereva wa basi kituo cha kulala ni nyumba ya pili, hilo halikuwa siri kwa mtu. Nyumba hiyo ilikuwa Korogwe. Usiku mmoja Mama aliniamsha, akanifunga kanga, tukapanda gari la mizigo la jirani. Tulipofika hakugonga yeye. Alisimama nyuma ya mpapai akaniambia, "Nenda kagonge. Sema: Baba." Nikagonga. Nikasema. Kitasa kikalia, na baba yangu akafungua mlango akiwa amevaa shuka ambalo sikulijua, kwa sababu ni sauti yangu, na mtu yeyote angefungua kwa sauti ile. Mama akatokea. Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida ya fumanizi, majirani, kelele, mwanamke analia ndani, mwenyekiti wa mtaa amevaa koti juu ya msuli. Kwenye kikao cha wazee niliulizwa mbele ya watu nane nilichoona. Nilisema. Baba hakukana, alinitazama tu. Miezi miwili baadaye niliomba kwenda kuishi kwa bibi Pangani, nikasema kule shule ni nzuri zaidi, jambo ambalo kila mtu alijua si kweli, na hakuna aliyenipinga. Nilikaa mwaka na nusu.

Hatujawahi kulizungumzia, Mama na mimi. Nilimtafsiria sehemu ya 6 neno kwa neno, sauti yangu haikubadilika, na nilijisifu moyoni kwa hilo.

Lakini sehemu ya mwisho, pale barabarani, mambo yalinishinda. Kioo kilikuwa na lori, breki, mwanamke anakimbia, halafu wamekumbatiana, na kwa mbali yule kijana amesimama. Hakukuwa na maandishi yoyote chini, na pumzi ilikuwa imenikaa kooni. Mama akasema:

"Mbona umenyamaza?"

"Hawasemi kitu, Mama."

"Na yule mtoto?"

"Naye hasemi."

Ninaweza kulitetea lile kumbatio, na nimelitetea kwa Mamdogo mara nyingi, nikishindwa kila mara. Sun-woo hakumsamehe yule mtu. Alikuwa amedhani amemuua, na kwa muda wa pumzi mbili alimlilia mtu aliyeishi naye miaka yote ile, ambaye nusu ya ujana wake ulikuwa mikononi mwake. Kwenye sauti yake ya mwisho anasema, ninakumbuka kwa maana tu, kwamba katika watu wawili waliooana huwezi kumkata mmoja bila kujikata wewe. Hiyo ni kweli na ni nzuri. Ila mtoto hakuona yote hayo. Aliona watu wawili waliomchosha na vita yao, waliomtumia huku na kule kama barua, na sasa wameshikana kana kwamba haikuwa vita. Kama walikuwa wanaweza kushikana, basi yeye alibebeshwa yote yale kwa ajili gani? Mimi ningetupa simu vilevile.

Sasa kuhusu kurudi. Tamthilia hii ilitengenezwa kutokana na ya Waingereza, Doctor Foster ya BBC, iliyoandikwa na Mike Bartlett, msimu wa kwanza mwaka 2015 na wa pili mwaka 2017. Bartlett alichota kwa Medea, yule mama wa tamthilia ya kale ya Kigiriki aliyewaua watoto wake ili kumkomoa baba yao. Niliitafuta nikaiangalia peke yangu, usiku, kwa simu, masikioni nimeweka spika. Mambo mengi ni yaleyale: daktari, unywele, marafiki wanaojua, mtoto wa kiume, na mwishoni barabara, baba anayetaka kujiua, kumbatio. Mtoto anayeitwa Tom anaondoka. Kisha yanaonekana matangazo ya kumtafuta, mama anazungumza naye popote alipo, anamwomba arudi. Harudi. Inaishia hapo, mlango umefungwa.

Kwa muda mrefu nilisema Waingereza ndio walioandika ukweli na Wakorea wameweka sukari. Nilibishana hivyo na mtu mmoja kazini, yeye alisema Wakorea ndio wakali zaidi, kwa sababu mtoto akipotea mama anaweza kubaki kuwa mtu wa kuhurumiwa, lakini mtoto akirudi, lazima akae naye mezani na kumtazama. Sikumjibu siku ile. Nina mashaka kama hana haki. Hata hivyo nikiulizwa mwisho upi ni bora kama kazi ya sanaa, bado nachagua ule wa Tom. Unakuacha na deni.

Wengine nao wameishika hadithi hiyohiyo, Wafaransa, Wahindi, Waturuki walioiita Sadakatsiz, Wafilipino mwaka 2022. Ya Wafilipino inanivutia kwa jambo moja: nchi yao, ukiacha Waislamu, haina sheria ya talaka, na uzinzi bado ni jinai. Kule Tae-oh hawezi kufoka ile sentensi yake.

Usiku tulioangalia sehemu ya mwisho ulikuwa siku tatu au nne kabla ya Idi. Mamdogo alikwisha kuondoka kwa hasira. Nililala nikaamshwa na Mama kwa daku. Tulikula kiporo cha ndizi na chai, taa ya jikoni peke yake ikiwaka, watoto wamelala. Alikuwa anaichovya ndizi kwenye mchuzi na haiweki mdomoni.

"Yule mtoto," alisema, "alirudi mwenyewe, au walimfuata?"

"Alirudi mwenyewe."

"Alisema alikuwa wapi?"

"Hawakuonesha."

"Hawakuonesha." Akanyamaza. "Na mama yake hakuuliza?"

"Iliishia pale, Mama. Pale alipogeuka."

Adhana ilikuwa bado. Alinisogezea birika, ingawa kikombe changu kilikuwa kimejaa. Halafu akasema mambo ya macho yake, kwamba daktari amesema jicho la kushoto linaweza kusubiri.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumwona. Macho yote mawili yamefanyiwa upasuaji, anaona vizuri kuliko mimi, lakini Kiingereza bado hajui. Mpwa wangu ndiye aliyemwambia kwamba ile ya Wakorea si ya kwanza. Tulikuwa uani anachambua mchele.

"Nasikia waliianza Waingereza," alisema.

"Ndiyo."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Na kwao, yule mtoto?"

Alikuwa ameinamia ungo, kidole kinatafuta mawe. Nikamwambia kwa Waingereza anachelewa kidogo, lakini anarudi.